Jeni za saa ya mwili, unene na muda wa kulala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kila siku, hasa kwa watu wanaojaribu kupunguza uzito na kwa wale wanaoambiwa ni wavivu kisa hawaamki alfajiri. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida kabisa mpaka yale magumu ya mwisho. Masaa yote ni ya kwetu, yani saa 1 asubuhi ni ile jua limeshachomoza.

## Tuanzie mwanzo

Saa ya mwili ni kitu kweli au ni mazoea tu?

Ni kitu kweli. Ndani ya ubongo kwa chini, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kishada cha seli kama 20,000 hivi, ndo zinashika muda wa mwili mzima. Zinapokea habari ya mwanga kutoka machoni kisha zinapanga lini joto la mwili lishuke, lini melatonini imwagwe kwenye damu usinzie, lini kotisoli ipande uamke. Na sio ubongo peke yake, ini lina saa yake, kongosho, misuli, hadi seli za mafuta. Hizi za huku chini zinafuata ubongo ila zinafuata na chakula pia, na hapo ndo uzito unapoingia.

Ukimkalisha mtu sehemu haina jua wala saa ya ukutani bado ataendelea kulala na kuamka kwa mzunguko wake. Vipimo vilivyofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 1999 vilipata wastani wa masaa 24 na dakika kama 11. Hizo dakika za juu ndo mwanga wa asubuhi unazikata kila siku, usipoupata unakuwa unasogea kidogo kidogo kwenda usiku.

Jeni zenyewe zinafanyaje kazi?

Kuna jeni mbili, CLOCK na BMAL1, protini zake zinashikana na kuwasha jeni nyingine, maarufu zaidi ni PER na CRY. PER na CRY zikiwashwa zinatengeneza protini zao, zinajaa taratibu, zikifika kiwango fulani zinarudi kwenye kiini cha seli na kuwazima wale wale CLOCK na BMAL1 waliowaanzisha. Sasa uzalishaji umesimama, protini zilizopo zinaoza na kuisha, breki inaachia, mzunguko unaanza upya. Ni kama boya ya tangi la maji, maji yakijaa inafunga koki, yakishuka inafungua. Kitu cha ajabu ni kwamba mzunguko huo mzima unachukua karibu masaa 24, karibu kwenye kila seli uliyonayo.

Safari ya kuzijua ilianzia kwa vinzi vidogo vile vinavyozunguka matunda yaliyoiva. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer walipata nzi ambao saa yao ilikuwa fupi, wengine ndefu, wengine haipo kabisa, na yote matatu yalitokana na jeni moja tu. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young waliendeleza hapo mpaka wakapewa Nobel mwaka 2017.

Kuwa mtu wa asubuhi au mtu wa usiku, mtu anazaliwa nayo?

Kiasi. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unaeleza kama nusu ya tofauti kati ya watu, nyingine zinasema chini ya hapo. Kinachobaki ni umri, mwanga, kazi na maisha unayoishi.

Umri watu wanausahau sana. Watoto wadogo wengi ni wa asubuhi, wakiingia ujana saa yao inasogea usiku mwaka hadi mwaka mpaka karibu na miaka 20, halafu inaanza kurudi, ndo maana bibi anaamka saa 10 alfajiri bila alamu na mjukuu wa kidato cha tatu anaburuzwa kitandani. Yule kijana sio kwamba ana kiburi, melatonini yake inaanza kutoka usiku umeshaenda. Kumwamsha saa 10 awahi basi la shule ni kumkata usingizi wake katikati, na mimi naona shule zinazoanza saa 1 kamili zinawaonea kabisa watoto wa sekondari.

Kuna jeni moja inayoamua?

Kwa watu wengi hapana. Utafiti mkubwa uliotoka 2019 ulitumia taarifa za watu 697,828, wengi wao wa UK Biobank, hifadhi ya taarifa za afya ya Uingereza, na kampuni moja ya Marekani ya kupima jeni, ukapata sehemu 351 za vinasaba zinazohusiana na kuwa mtu wa asubuhi. PER2 na CRY1 zimo ndani, ila kila moja inasukuma kidogo tu. Wakachukua wale asilimia 5 wenye vinasaba vingi zaidi vya asubuhi wakawalinganisha na asilimia 5 wenye vichache zaidi, tofauti ya muda wa kulala ilikuwa dakika 25. Dakika 25 tu! Kwahiyo mtu anayelala saa 9 usiku asisingizie jeni peke yake, kuna simu na taa hapo.

Ila zipo familia chache ambako jeni moja inafanya makubwa. Mwaka 2001 ilitangazwa familia yenye badiliko la herufi moja kwenye PER2, wenye hilo badiliko wanasinzia kwenye saa 1 na nusu usiku na kuamka saa 10 na nusu alfajiri, maisha yao yote. Upande wa pili, 2017 maabara ya Young ilionyesha badiliko la CRY1 linalorefusha mzunguko hivo mtu anachelewa kulala hata ajitahidi vipi.

## Uzito sasa

Kwahiyo watu wa usiku wananenepa kwa sababu ya jeni zao?

Hapa ndo watu wengi wanapotoshwa, nitaenda polepole.

Ukihesabu watu mitaani utakuta kweli, wanaolala usiku sana kwa wastani wana uzito zaidi na kisukari zaidi. Lakini ule utafiti wa 2019 (angalia swali lililopita) uliuliza swali zuri zaidi: je wale waliozaliwa na vinasaba vya usiku, bila kuangalia wanaishije, wananenepa zaidi? Jibu lilikuwa hapana. Vinasaba vya asubuhi vilionekana kwenda na afya nzuri ya akili, ila kwenye uzito na kisukari cha aina ya pili hawakuona kwamba vinasababisha chochote.

Maana yake kuwa mtu wa usiku kwenyewe sio ugonjwa wala hakukunenepeshi. Kinachoonekana kuumiza ni kugongana. Mwili unataka kulala saa 7 usiku uamke saa 3 asubuhi, ila kazi inakutaka saa 1 na nusu, unalala masaa matano, chai ya asubuhi inakushinda, mchana unaunga unga, usiku ndo njaa inakuja yote kwa pamoja na kilicho wazi muda huo ni chipsi mayai. Mtu wa asubuhi mwenye jeni za unene zile zile hakutani na hiyo hali, ratiba ya dunia imekaa upande wake.

Kuna jeni za unene zinazojulikana vizuri, FTO na MC4R, na hizo zinafanya kazi zaidi kwenye njaa na kushiba. Kuzichanganya na jeni za saa ni kosa ninaloliona kila mahali.

Mbona nilisoma kwamba panya walioharibiwa jeni ya saa walinenepa?

Ni kweli, 2005, Chuo Kikuu cha Northwestern. Panya wenye jeni ya CLOCK iliyoharibika walikula zaidi, wakala muda wote hata ule ambao panya hupumzika, wakanenepa na sukari na mafuta ya damu yakapanda. Utafiti ulikuwa muhimu sana kwa sababu ulionyesha saa ya mwili na uchakataji wa chakula vimeunganishwa.

Ila wale panya saa yao iliharibiwa kabisa. Wewe na mimi tuna tofauti ndogo ndogo za jeni zinazofanya kazi vizuri tu. Kuna ile tofauti ya jeni ya CLOCK inaitwa 3111T/C, tafiti za mwanzo zilisema inaleta tabia ya usiku, baadae wengine wakarudia wasione kitu. Kuichukua habari ya panya ukamwambia mtu "wewe una jeni mbovu ya saa ndo maana mnene" sio haki.

Kula usiku kunanenepesha hata kama chakula ni kile kile?

Inaelekea hivo, kwa kiasi. Usiku melatonini ikishapanda kongosho linatoa insulini kwa uzembe, kwahiyo sahani ile ile ya ugali au wali inapandisha sukari juu zaidi saa 4 usiku kuliko saa 7 mchana. Na hapa jeni inaingia kweli: MTNR1B ni jeni ya kipokezi cha melatonini, kuna aina yake ambayo wenye nayo wakila karibu na muda wa kulala sukari inawapanda zaidi ya wengine. Watafiti wa Hispania na Boston walitangaza hilo 2022.

Mwaka huo huo jaribio dogo la watu 16, wote wakiwa na uzito mkubwa, liliwapa chakula kile kile ila mara moja wakala mapema, mara nyingine wakasogezewa masaa manne mbele. Walipochelewa njaa iliongezeka, leptini ambayo ni homoni ya kushiba ikashuka, na mwili ukachoma nishati kidogo. Hapo kabla, 2013, watu 420 wa Hispania walifuatiliwa wiki 20 wakiwa kwenye programu ya kupungua, waliokula mlo mkuu baada ya saa 9 alasiri walipungua kidogo kuliko waliokula kabla, na kiasi cha chakula walichoripoti kilifanana.

Kwetu mlo mkubwa wengi ni wa usiku, baba amerudi, foleni imemshika, watu wanakaa mezani saa 3 au saa 4. Sisemi muache kula pamoja, hiyo ni kitu nzuri mno. Kugeuza ukubwa kunawezekana lakini, mchana uwe wa kushiba, usiku kiasi.

Kulala kidogo kunaongeza uzito?

Hapa ushahidi una nguvu kuliko sehemu nyingine zote. Vijana 12 wa Chicago walilazwa masaa manne kwa siku mbili, leptini ikashuka asilimia 18, grelini ambayo ni homoni ya njaa ikapanda asilimia 28, na walichotamani zaidi kilikuwa vyakula vya wanga na vitamu. Hiyo ni 2004. Mwaka 2022 wakafanya kinyume chake, watu 80 wenye uzito mkubwa waliozoea kulala chini ya masaa sita na nusu, nusu yao wakafundishwa kuongeza usingizi. Waliongeza kama saa 1 na dakika 12, na bila kuambiwa wapunguze chakula wakawa wanakula pungufu ya kalori 270 kwa siku. Ukiniuliza uanzie wapi, anzia hapa kabla ya kugusa chakula.

Kufunga masaa 16 na kula ndani ya masaa 8, inafanya kazi?

Kwa panya inafanya vizuri sana: 2012 maabara ya Satchin Panda ilionyesha panya waliopewa chakula cha mafuta kwa masaa 8 tu hawakunenepa kama wenzao waliokula muda wote, na kalori zilikuwa sawa. Kwa binadamu ni mchanganyiko. Majaribio mawili makubwa, 2020 Marekani na 2022 China, hayakuona faida kubwa ya dirisha lenyewe, yani yale masaa 8 ya kula. Wengi wanaopungua wanapungua kwa sababu wanakula kidogo. Kama inakusaidia kuacha kula saa 5 usiku ifanye, kama inakufanya ukae na njaa asubuhi halafu ulipize usiku iache, maana umelisogeza dirisha upande mbaya.

Wikiendi nalala mpaka mchana kufidia, kuna shida?

Kulala ni bora kuliko kutolala. Shida ni saa ya mwili kuvutwa mbele Ijumaa na Jumamosi halafu kurudishwa kwa nguvu Jumatatu. Till Roenneberg wa Munich aliwapima maelfu ya watu wa Ulaya, na 2012 akaonyesha kwamba kati ya wale ambao tayari walikuwa na uzito mkubwa, kadri pengo la muda wa kulala kati ya siku za kazi na siku za mapumziko lilivyokuwa kubwa na uzito ulikuwa juu zaidi. Kwa wenye uzito wa kawaida hakuuona uhusiano huo. Pengo la saa moja sio neno, matatu ni mengi.

## Kazi za usiku na mfungo

Nafanya shifti za usiku, nifanyeje?

Askari wa getini, nesi, dereva wa lori, fundi wa kiwandani, hawa wanastahili kuhurumiwa sio kuhubiriwa. Saa ya ubongo haigeuki kwa sababu umeingia shifti, nesi anafungua hotpoti lake saa 8 usiku na ini lake bado linajua ni usiku, chapati mbili zile zinakuta kongosho limepumzika. Kwenye maabara wameona hata siku chache tu za kugeuziwa mchana na usiku zinashusha leptini na kupandisha sukari.

Yanayosaidia: kula mlo kamili kabla ya kuingia, usiku uwe wa vitu vyepesi, mayai, karanga, matunda, na usile chochote kikubwa kati ya saa 6 na saa 12 kama unaweza. Ukirudi asubuhi vaa kofia au miwani ya jua njiani, funika madirisha kwa pazia nene, na wambie watu wa nyumbani kwamba unalala, maana kwa majirani mchana ni mchana na watabisha hodi. Kama una sauti kwenye upangaji wa zamu, mtu wa usiku anavumilia shifti ya usiku kuliko mtu wa asubuhi, wapangwe hivo.

Ramadhani je? Futari, daku, na kulala vipande?

Mwezi mzima milo inahamia usiku na usingizi unakatwa na daku. Kwa wastani watu wanapungua kama kilo moja hivi, halafu nyingi inarudi ndani ya wiki chache baada ya Idi. Wanaoongezeka mara nyingi ni futari ya vya kukaanga na sukari, kaimati, sambusa, juisi, halafu wanakesha mpaka daku. Ukipata usingizi mrefu wa kipande kimoja baada ya tarawehe na ukalala kidogo mchana, mwili unakushukuru. Mwenye kisukari anayetumia dawa au insulini aongee na daktari kabla mwezi haujaandama.

## Kujibadilisha

Naweza kugeuka mtu wa asubuhi?

Jeni hazigeuki, muda unasogea. Dawa kubwa ni mwanga. Mwaka 2013 kule Colorado walipeleka watu kupiga kambi wiki nzima bila taa wala simu, saa zao za ndani zikarudi nyuma karibu masaa mawili, na waliobadilika zaidi ni wale waliokuwa wa usiku. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati, jua linatoka karibu saa 12 mwaka mzima. Toka nje ndani ya saa moja ya kuamka, nusu saa inatosha, hata kama ni kutembea mpaka kituoni badala ya kupanda boda. Usiku punguza taa kali kuanzia saa 3. Sogeza muda wa kulala dakika 15 kila siku chache, usiruke masaa mawili kwa siku moja.

Walioko Sweden au Kanada wakati wa baridi wana kazi ngumu zaidi, jua linachelewa sana, taa maalum ya asubuhi inasaidia kweli.

Vidonge vya melatonini vinapunguza uzito?

Hapana. Vinasogeza saa, dozi ndogo masaa kadhaa kabla ya kulala. Na kwa lile suala la sukari na MTNR1B, usivimeze halafu ukale.

Nipime jeni nijue nile saa ngapi?

Pesa yako itunze. Kwanza kila jeni inasukuma kidogo mno. Pili, na hili linaniuma, tafiti hizi karibu zote zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndo ina tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani kote na ndo imepimwa kidogo zaidi, kwahiyo alama utakayopewa imetengenezwa kwa miili ya watu wengine. Kipimo cha bure: kwenye likizo, bila alamu, baada ya kama wiki, unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Hiyo ndo saa yako.

## Maswali ya pembeni

Si wazee wetu wote walilala na kuku?

Hapana, na ushahidi uko Tanzania. Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi wanalala bila umeme. Watafiti waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya mkononi kwa siku 20, na katika usiku wote huo dakika ambazo kila mtu alikuwa amelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee wanalala mapema, vijana wanachelewa, daima kuna aliye macho. Watafiti wanaona hiyo ilikuwa ulinzi wa kambi, ndo maana tofauti hizi zimebaki kwenye damu zetu. Mtu wa usiku alikuwa na kazi yake.

Nalala masaa matano na niko fresh, nina jeni maalum?

Zipo, badiliko la DEC2 lilitangazwa 2009 kwa mama na binti yake waliotosheka na masaa kama sita na robo. Ni nadra sana. Kama unasinzia kwenye daladala au unalala mpaka mchana wikiendi, wewe huna, una deni la usingizi.

Nakoroma, nachoka mchana, na uzito unapanda. Ni saa ya mwili?

Pengine sio. Mafuta ya shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa ukiwa umelala, pumzi inakatika na kurudi usiku kucha, unaamka umechoka na kichwa kinauma, njaa inaongezeka (angalia swali la kulala kidogo). Hapo uzito ndo unavuruga usingizi. Muulize unayelala naye kama pumzi zinakatika, akisema ndio nenda hospitali, kuna kipimo na kuna mashine ya kusaidia.

Mtoto wangu anasinzia mchana, usiku yuko macho kabisa, na anakula sana. Inaweza kuwa jeni?

Kwa mtoto mzima wa afya mara nyingi ni ratiba na televisheni. Ila kama pia amechelewa kuongea, anajiumiza au ana hasira zisizo za kawaida, upo ugonjwa wa nadra unaitwa Smith-Magenis, unaotokana na kukosekana kwa jeni ya RAI1 au kuharibika kwake. RAI1 inaisimamia CLOCK, na kwa watoto hawa melatonini inatoka mchana badala ya usiku. Wengi wao wananenepa wakikua. Hapa jeni moja inagusa usingizi na uzito kwa pamoja, na mzazi asilaumiwe kwamba ameshindwa kulea. Mwone daktari wa watoto na umwandikie kwa wiki mbili masaa anayolala na kuamka, hiyo karatasi itamsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo.